Samaki wa Matumbawe Asipandishwe Kitonga

Anayetaka kuweka tangi la samaki wa baharini sebuleni, awe Tosamaganga, Iringa mjini au Mbeya, kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya kioo, taa na pampu. Naona swali la kwanza lingekuwa samaki mwenyewe katoka wapi. Samaki wengi wa mapambo wa maji baridi wanaouzwa duniani huzalishwa mabwawani; wa baharini ni kinyume chake, wengi mno huvuliwa kwenye miamba ya matumbawe, na kila anayefia tangini pengo lake huzibwa kwa kumvua mwingine. Mkazi wa nyanda za juu hana sababu ya kuingia katika mnyororo huo. Akitaka maji ya chumvi, anunue samaki aliyezaliwa tangini. Na kama anachotaka ni rangi tu, Ziwa Nyasa tunalo.

Tuitazame safari yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takriban kilomita 500, na samaki huzisafiri akiwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji kiasi na oksijeni, mdomo umekazwa kwa mpira. Mfuko uliofungwa usawa wa bahari huvimba gari linapopanda mlima wa Kitonga, kwa sababu kanieneo ya hewa inapungua. Lori likikwama konani, foleni nayo ina saa zake. Humo ndani samaki anapumua na kutoa kaboni dayoksaidi, ambayo huyatia maji asidi kidogo, na katika hali hiyo amonia inayotoka mwilini mwake hukosa makali. Mfuko ukifunguliwa ukaachwa wazi, gesi hutoka, asidi hupungua, na amonia ile ile hugeuka sumu. Ndiyo maana samaki hufika akiogelea, akafa baada ya muda mfupi, na mnunuzi akabaki kulaumu bomba la mtaani kwake.

Akipona safari, bado ana kazi. Anahitaji joto la nyuzi 24 hadi 27 usiku na mchana, na usiku wa Julai Iringa haukaribii hapo. Hita na pampu zinategemea umeme, nao ukikatika vyote viwili vinazimika kwa pamoja. Maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji baridi yenye joto lile lile. Mwinuko wetu wa mita 1,500 na zaidi unaipunguza tena kwa karibu moja ya sita. Yaani umeme ukikatika, samaki wa huku ana akiba ndogo ya pumzi kuliko mwenzake wa Dar es Salaam. Chumvi nayo ina hesabu yake: tangi la lita 200 linahitaji kama kilo 7, wala si ya jikoni wala ya Uvinza, maana bahari ina magnesiamu, kalsiamu na potasiamu kwa uwiano wake. Na tangi hukaa wiki nne hadi sita kabla bakteria wa kuvunja amonia hawajatosha. Asiyeweza kusubiri hivyo afuge kuku.

Kuna samaki ambao hata fundi hodari asiwaguse. Aina nyingi za samaki kipepeo hula nyama ya matumbawe hai, kwa hiyo tangini hufa njaa huku chakula cha dukani kikielea mbele yao. Yule mdogo anayewasafisha wenzake vimelea ana kazi kubwa baharini: kwenye Kisiwa cha Lizard, Australia, watafiti walimwondoa kwa miaka kadhaa, na idadi ya samaki wengine ikapungua. Wa buluu aliyevuma kwa filamu hukua hadi sentimita 30, akataka nafasi ya kukimbia. Anayefaa ni Nemo wa filamu ya 2003, ambaye kwa kweli si wa pwani yetu. Amekuwa akizalishwa tangini tangu miaka ya 1970, na anaishi vizuri bila anemoni.

Wapo watakaosema nawanyima wavuvi riziki, kwa kuwa samaki mmoja hai wa rangi hulipa kuliko kilo ya changu. Hoja hiyo nina heshima nayo. Mvuvi anayetumia wavu wa mkono na kulipwa vizuri ana sababu ya kuyalinda matumbawe yake dhidi ya baruti. Lakini malipo hayo hutegemea samaki kufika hai, na soko la milimani, lenye safari niliyoieleza, ni soko la kununua vifo. Riziki ya kudumu ingekuwa kutotolesha vifaranga pwani, Tanga au Bagamoyo, mvuvi akauza waliozaliwa bandani. Wengine watauliza mbona changu tunamla kila siku. Tunamla, naam, na hakuna anayemfunga mfukoni afe polepole kwa ajili ya pambo.

Kwa rangi, samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wale dunia inaowaita mbuna, hawazidiwi. Jike hubeba mayai mdomoni kama wiki tatu, hivyo hata mfugaji wa nyumbani anaweza kuwazalisha bila kurudi ziwani, Matema, kuvua wengine, na chumvi wala haihitajiki. Tahadhari yao ni moja: kila mwamba una watu wake. Upande wa Malawi, mbuna waliohamishwa na wafanyabiashara walitapakaa kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi na hawakuondoka. Florida nako samaki simba wa matangini walionekana baharini 1985, na leo wamejaa Karibiani. Kwa hiyo anayechoka na tangi awarudishe kwa muuzaji au ampe mfugaji mwingine, asiwamwage Mto Ruaha Mdogo, wala asiwapeleke Kyela kuwaachia kwenye ufukwe wowote kwa kudhani anawarudisha kwao.