Petroli nzito ya Guyana, hasara ikafika Ziwa Albert

Novemba 2019 kampuni Tullow ya Uingereza ilisema petroli ya visima vyake Jethro na Joe, kule bahari ya Guyana, ni nzito na ina salfa nyingi. Wenye hisa wakakimbilia kuuza. Tarehe 9 Desemba ikawa mbaya zaidi: makadirio ya Ghana yakapunguzwa, mkurugenzi Paul McDade akajiuzulu, hisa ikaanguka zaidi ya asilimia 70.

Ituri inahusika na nini? Mwenye madeni anauza haraka. 2017 Total ilikubali kulipa dola milioni 900 kwa kipande tu cha haki za Tullow upande wa Uganda, mapatano yakavunjika. 2020 ikachukua zote kwa milioni 575. Waliouza hisa London, Kasenyi pengine hawaijui hata kwa jina.