Mlinzi Aliyelala Hakuona Ndege

Ndugu wasomaji, ukifika Kashikishi au Nchelenge, katika ufuko wa Zambia wa Ziwa Mweru, utawaona dagaa wadogo waitwao chisense wameanikwa juani. Wavuvi huwavua usiku kwa mwanga wa taa, na kulipokucha kazi ya kuwaanika na kuwalinda huanza. Tuseme mama amemwachia mtoto wake kazi ya kufukuza ndege, naye akaenda sokoni. Huku nyuma mtoto akasinzia. Mama anaporudi anauliza, "Mwanangu, ndege walikuja?" Mtoto anajibu, "La, mama, sikuona ndege hata mmoja." Mtoto hakusema uongo, lakini dagaa wamepungua.

Kisa hiki kinafaa kueleza jambo la ofisini ambalo mwishowe hufika nyumbani. Siku hizi hospitali, benki na makampuni ya simu huwa na programu za kuangalia mwenendo wa mtandao. Kompyuta moja hupewa kazi ya kuviita vyombo vyote kila baada ya dakika chache: mnara huu u hai? Seva ile huchukua muda gani kujibu? Majibu huandikwa, na mwisho wa juma hutolewa taarifa kwa wakubwa.

Mimi mwenyewe nimewahi kuaibika kwa taarifa ya namna hiyo. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, umeme ulikatika Ijumaa jioni ukarudi Jumapili usiku. Mtandao ulizimika, na kompyuta ya kuuangalia, iliyotegemea umeme ule ule, ikazimika nayo. Jumatatu nilimpelekea mkuu wangu taarifa iliyosema: hitilafu, hakuna. Alinipongeza. Kabla ya saa sita mchana alikuja mtumishi kutoka kituo cha mbali, amepanda baiskeli, kuuliza kwa nini hatujibu tangu Ijumaa. Sikuwa na la kusema.

Katika wilaya kama Nchelenge kosa hili si la kuchekea. Wilaya hiyo ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi mno, licha ya vyandarua na dawa inayopulizwa majumbani. Zambia hukusanya takwimu za ugonjwa huo kwa programu ya DHIS2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe, na wahudumu wa afya wa vijijini wamekuwa wakipeleka hesabu zao kwa simu. Wapo wagonjwa wa visiwani, kama Kisiwa cha Kilwa (si ile Kilwa ya pwani ya Tanzania), na wapo ndugu zetu wa Kongo waliopokelewa katika makazi ya Mantapala tangu mwaka 2018. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, Zambia iliingia katika mgao mkali wa umeme. Na mnara wa simu nao hutaka umeme.

Mtandao ukikosekana, hesabu haifiki. Hapo msomaji wa taarifa asipoangalia, ataisoma nafasi tupu kana kwamba ni sifuri. Sifuri maana yake tumetazama, hatukuona mgonjwa. Nafasi tupu maana yake hatujui. Dawa zikigawanywa kwa kufuata hesabu, kijiji kilichonyamaza ndicho kitakachopunjwa. Ndiyo sababu DHIS2 huweza kuonyesha pia ni vituo vingapi vimeleta taarifa kati ya vyote vilivyotakiwa kuleta.

Je, dawa yake ni nini? Kwanza, mlinzi apewe mwenzake. Kompyuta mbili hupeana ishara kila baada ya sekunde chache, na moja ikinyamaza, ya pili hushika zamu. Lakini zisitegemee umeme mmoja wala njia moja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya na kwingineko. Walikuwa wawili, wakaanguka pamoja.

Pili, awepo shahidi wa tatu, mahali pengine. Njia baina ya walinzi wawili ikikatika, kila mmoja hudhani mwenzake amekufa, na wote wawili hujifanya wakubwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Shahidi wa tatu huamua ni nani aendelee.

Tatu, taarifa yenyewe iseme ni muda gani ilikuwa macho. Mtandao ukiangaliwa siku 25 katika mwezi wa siku 30, bila hitilafu kuonekana, taarifa huweza kujisifu kwa asilimia 100. Ukweli ni kwamba siku 5, yaani moja katika kila sita, hazijulikani. Tena msidanganyike na hesabu kubwa: asilimia 99 kwa mwaka ni siku tatu na saa 15 na zaidi za kukosa huduma, asilimia 99.9 ni karibu saa tisa. Na saa hizo zikiangukia usiku ambao mama mjamzito anahitaji mashua, wastani wa mwaka hautamsaidia.

Basi, ndugu wasomaji, yeyote miongoni mwenu akiletewa taarifa kazini, katika chama cha ushirika au katika kamati ya zahanati, asikimbilie kuuliza ni makosa mangapi yaliyoonekana. Aulize kwanza: ni nani aliyekuwa akitazama, na alilala saa ngapi? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kituo kikinyamaza, tumwulizie mwenzetu siku ile ile, hata ikibidi kwa baiskeli.