Fugeni funza wa embe kabla ya kununua dawa

Msimu wa maembe ukiingia huku kwetu Malindi, hakosi jirani wa kunijia na ngowe iliyopasuliwa, funza wakigaagaa ndani. "Mzee, dawa yao ni gani?" Jibu langu huwaudhi: kawafuge kwanza.

Funza wa nzi wa matunda wanafanana mno. Wa kumtambulisha ni nzi mwenyewe. Tia mchanga mkavu kwenye ndoo, panga vijiti juu yake, weka maembe yaliyoanguka, kisha funga mdomo kwa kitambaa chepesi. Funza akikomaa hujikunja akaruka kama mpira, akazama mchangani na kuwa pupa. Kwa joto letu, nzi hutoka baada ya wiki mbili hivi. Msimuue siku hiyohiyo, jamani! Mpeni sukari na maji siku mbili tatu, rangi zikolee.

Mwenye mistari miwili ya manjano mgongoni na mbawa angavu ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Mwenye mbawa za madoadoa huenda ni Ceratitis cosyra, mwenyeji wa Afrika. Tofauti hiyo ni pesa. Chambo cha methili yujenoli humvuta dume wa yule mgeni. Huyu mwenyeji hana habari nacho. Mkulima hutundika mitego ya chambo hicho mwembe mzima, akaona haijai, akadhani shamba lake ni safi.

Wakati mwingine ndoo hutoa nyigu wadogo badala ya nzi. Hao ni askari wetu: hutaga ndani ya yai au funza wa nzi, na watoto wao humla akiwa hai. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kimewahi kuleta aina mbili za nyigu hao na kuwaachia mashambani ili wapambane na yule mgeni. Halafu sisi tunapuliza sumu ya kuua kila kirukacho, ilhali funza wenyewe wamo ndani ya tunda, dawa haiwafikii.

Maafisa wa kilimo wa kaunti wanapokuja na mafunzo, waje na ndoo na kioo cha kukuzia. Nanyi wakulima, maembe yaliyooza msiyaache chini ya mti wala kuyafukia kijuujuu. Yafungeni kwenye mifuko myeusi ya plastiki, muyaanike juani mpaka funza wafe.