Gari ya mbio ya mitumba: kabla ya kuhesabu dola, fungua kapo

Mjini Lubumbashi, gari inasema kabla mwenyewe hajafungua kinywa. IST ni ya taxi, ao ya mama anayepeleka watoto masomoni. Hilux ni ya kampuni. Lakini Toyota Mark X, nyeusi ao ya rangi ya fedha, vioo vimetiwa giza, moteri ya silinda sita ikinguruma pole pole mbele ya bar, hiyo inasema kwamba mwenyewe ameanza kupumua. Ni kijana aliyepata mkataba kwenye mgodi upande wa Fungurume. Ni mfanyabiashara wa Kenya, mtaa wetu, si nchi ya jirani, aliyefunga mwaka vizuri. Ni mwalimu aliyekusanya likelemba miaka mitatu.

Hatuandiki tahariri hii ili kuwacheka. Mtu aliyepanda taxi-bus miaka kumi, magoti yakigonga kidevu, ana haki ya kutaka gari inayomfurahisha. Na gari ya namna hii, yenye milango mine, nafasi ya watoto nyuma na nguvu mbele, inaweza kufaa kweli kwa kazi ya kila siku. Tunachokataa ni kuinunua kwa macho ya bar. Wengi wanaangalia rangi, rimu na redio, wanauliza bei ya mwisho, wanatoa pesa. Miezi minne baadaye gari imelala kwa fundi, na pesa ya kiwanja imekwisha.

Tuanze na Mark X yenyewe, kwa sababu ndiyo inayotafutwa zaidi. Toyota iliitoa Japani mwishoni mwa mwaka 2004 ili ichukue nafasi ya Mark II, ile ambayo baba zetu waliijua. Aina ya pili ilikuja 2009, na utengenezaji ulisimama mwishoni mwa 2019. Nyingi zinazofika kwetu zina moteri ya lita 2.5, V6, yenye nguvu za farasi zaidi ya 200. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, isipokuwa zile chache zinazosukumwa na yote manne. Ni gari ya lami. Imekaa chini, na kwenye barabara zetu za udongo wakati wa masika tumbo lake linalamba matope.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba moteri hiyo ilitengenezwa kwa esanse safi ya Japani. Inapuliza esanse moja kwa moja ndani ya silinda, si kwenye njia ya hewa kama moteri za zamani. Hiyo inaipa nguvu, lakini ina deni lake. Esanse haioshi tena valvu za kuingiza hewa, na masizi yanajikusanya juu yake mwaka baada ya mwaka. Pompi ya kusukuma esanse kwa presha kubwa na vipulizio vyake havipendi uchafu hata kidogo. Sasa chukua moteri hiyo, uipeleke kwa Kadhafi wa kwenye kona, umimine kutoka kwenye bidon iliyokaa juani, yenye maji chini na mchanga ambao hakuna anayeuuliza umetoka wapi. IST itakohoa, itaendelea. Mark X itakumbuka.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza si juu ya gari, ni juu ya mwenye gari. Kama maisha yako yanakulazimisha kununua esanse lita mbili mbili kando ya barabara, chagua gari nyingine. Hakuna haya ndani yake.

Kisha njia. Gari inatoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, halafu dereva wa safari anaileta kwa magurudumu yake yenyewe: Tunduma, Zambia nzima, Kasumbalesa, kama kilomita 2000 kwa jumla. Madereva hao wanalipwa kufika, hawalipwi kutunza. Gari unayoiona imeng'aa kwenye parkingi imeoshwa jana. Angalia chini yake, si juu.

Na namba ya kilomita? Tunajua sote kwamba inarudishwa nyuma. Mtu anakuonyesha gari ya 2006 yenye kilomita 68000 na anataka uamini. Lakini kuna karatasi mbili zinazoweza kusema ukweli. Moja ni karatasi ya mnada wa Japani, inayopewa alama: 4 na zaidi ni gari nzuri, 3 ni ya kuchunguzwa sana, na herufi R ni gari iliyogongwa ikatengenezwa. Nyingine ni cheti cha kuisafirisha nje ya Japani, ambacho kwa kawaida kinaandika kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa mwisho huko. Muulize muuzaji karatasi hizo. Kama anasema zilipotea njiani, mwambie sawa, lakini bei ishuke, kwa sababu unanunua gari isiyo na historia. Mara nyingi karatasi inapatikana baada ya neno hilo.

Mwenzetu mmoja wa chumba chetu cha habari alinunua Mark X bila kuuliza lolote. Tunasimulia kwa ruhusa yake, na yeye mwenyewe anacheka sasa, ingawa kwa shida. Alipofika kuiona saa mbili asubuhi, kapo ilikuwa ya moto tayari. Alidhani muuzaji ni mtu wa bidii. Kumbe moteri iliwashwa mapema ili isionekane inavyoamka. Moteri baridi haina siri: mlio wa cheni katika sekunde za kwanza, moshi wa bluu kwa sababu oili inaungua, mtetemo usioisha. Baada ya wiki tatu alianza kuongeza oili, lita moja karibu kila kilomita elfu. Pesa ile ilikuwa ya kumalizia paa la nyumba ya mama yake Likasi. Paa lilingoja masika mbili.

Ukifika, weka kiganja juu ya kapo. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Ikiwa baridi, fungua, toa kijiti cha oili, fungua kizibo cha oili na uangalie chini yake. Utando mweusi mzito unamaanisha mtu alikuwa havuti oili kwa wakati. Tafuta alama za rangi ya waridi kavu karibu na pompi ya maji, upande wa mbele wa moteri. Kwenye V6 za Toyota za familia hii pompi hiyo inajulikana kwa kuvuja, na alama ile ni maji ya radiata yaliyokauka. Kisha endesha, redio imezimwa. Boate ibadilishe vitesi bila kupiga teke. Funga freni kwa nguvu mahali salama na uone kama usukani unakimbia upande mmoja. Pita juu ya matuta na usikilize amortiseri. Fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari atakuomba pesa kidogo kwa saa moja, na saa hiyo ni rahisi kuliko zote utakazomlipa baadaye. Asiwe fundi wa muuzaji.

Tukae kidogo kwenye matairi, kwa sababu hapo ndipo watu wanakufa. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi yaweza kuwa na meno mazuri na bado imezeeka, imekauka, tayari kupasuka. Na kuna jambo la ajabu zaidi. Magari mengi yanatoka mikoa ya Japani yenye theluji, na yanafika hapa yakiwa bado na matairi ya baridi. Ni laini, yametengenezwa kushika barafu. Juu ya lami yetu ya Septemba, gari ya farasi 200 inayosukumwa nyuma, matairi hayo yanatafunika haraka na kushika vibaya, hasa mvua ya kwanza ikinyesha juu ya vumbi. Mikoa hiyohiyo inamwaga chumvi barabarani, kwa hiyo piga magoti, tazama kutu chini ya milango na kwenye mikono ya magurudumu.

Sasa tufike kwenye usukani. Zambia na Tanzania wanapita kushoto. Sisi tunapita kuume. Hivyo ndivyo inavyotaka sheria yetu ya barabara, ile ya tarehe 30 Agosti 1978. Gari ya Japani ina usukani wa kuume. Kwa IST inayozunguka mjini kwa kilomita 40 kwa saa, hiyo ni taabu ndogo. Kwa gari ya mbio kwenye barabara ya Likasi, nyuma ya lori la shaba, ni jambo lingine. Dereva hawezi kuona mbele ya lori mpaka gari yake nzima itoke upande wa pili. Kwa hiyo anayeona ni abiria wa kushoto. Mke, mtoto, rafiki aliyesinzia, ndiye anayesema pita ao ngoja. Na chini ya mguu wa dereva kuna nguvu inayomnong'oneza kwamba atawahi.

Taa zake pia. Taa za mbele za gari hizo zimekatwa ili ziangaze zaidi ukingo wa kushoto, kwa sababu huko kwao ndiko kwenye watembea kwa miguu. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Usiku, hata ukiwa umeshusha taa kwa adabu, bado unampiga machoni. Wengi wanadhani wenzao wana dharau, na wanajibu kwa taa kubwa. Kuna taa za usukani wa kushoto kwa aina nyingi za magari. Kwa zile ambazo hazina, fundi anaweza angalau kuzishusha.

Wengine wanakimbilia gari iliyogeuzwa usukani. Tunaomba tahadhari kubwa. Kuhamisha usukani ni kukata dashibodi, kuhamisha pedali na njia za freni, na mara nyingi mfuko wa hewa wa kumkinga dereva haurudi mahali pake. Kama huwezi kuona nani aliifanya na namna gani, usukani wa kuume ambao haujaguswa ni afadhali.

Kuna wanaotuuliza: je, BMW? Magari ya 3 Series ya miaka ya 2005 hadi 2011 yanakuja kutoka Ulaya na usukani wa kushoto, na kwa barabara kubwa hayo ni mazuri mno. Ila moteri ya silinda sita isiyo na turbo ina pompi ya maji ya umeme ambayo inaweza kufa bila kuaga, na ikifa katikati ya Likasi na Kolwezi, piesi haiko kwenye duka la kona. Dizeli ya lita 2.0 ya kuanzia 2007 ina cheni yake nyuma ya moteri. Ikianza kulia, moteri ishushwe. Subaru Legacy yenye turbo? Gari ya ajabu kwenye mvua, inashika kwa magurudumu yote manne. Lakini uliza mkanda wa moteri ulibadilishwa lini. Unatakiwa kubadilishwa karibu na kilomita 100000, na ukikatika valvu zinapinda. Kwa Mark X, angalau, piesi ziko Lubumbashi, ziko Ndola, na mafundi wameizoea. Kwa gari ya kila siku jambo hilo lina uzito kuliko farasi 30 za ziada.

Na hesabu ya nyumba? Tuseme unafanya kilomita 30 kila siku mjini, katikati ya msongamano. Mark X ya 2.5 itakunywa kama lita 12 kwa kilomita 100, IST karibu 7. Kwa mwezi mzima hiyo ni lita 108 dhidi ya 63. Zidisha tofauti ya lita 45 kwa bei ya pompi ya leo, uwekee oili nzuri, plagi sita badala ya nne, matairi mapana. Halafu umwonyeshe mwenzako wa nyumbani namba hiyo kabla, si baada. Mwenye dola 8000 asinunue gari ya dola 8000. Anunue ya 6000, na 2000 zibaki kwa matairi, oili zote, freni na mshangao wa kwanza.

Serkali nayo haiwezi kujificha nyuma ya mnunuzi. Kinshasa ilikwisha kutangaza marufuku ya magari ya usukani wa kuume, na magari yanaendelea kupita mpakani, yanalipa forodha, yanapata plake. Kisha rulaji wanamsimamisha mtu yuleyule kwa kosa ambalo serkali ilipokea ushuru wake. Ama marufuku iwe marufuku, ama gari ikubaliwe kwa masharti yanayookoa watu: taa zirekebishwe, matairi yenye umri yakataliwe mpakani, na cheti cha Japani kibaki ndani ya faili ya gari ili kila mnunuzi akisome. Kontroli tekiniki ifanywe gari ikiwa mbele ya mkaguzi, juu ya shimo, freni zikipimwa. Leo watu wengi wanaijua kama karatasi tu.

Mpaka hapo, mnunuzi anabaki na macho yake. Ijumaa piga simu, sema utakuja kesho saa kumi na mbili asubuhi na fundi wako, na kwamba unaomba moteri isiwashwe. Muuzaji akikasirika kwa ombi hilo, baki nyumbani.