Maswali ya Rumba Hayafiki Kindu

JIWE KWA JIWE
Na Baba Furaha

Tabu Ley alipata jina la Rochereau kwa kujibu swali la darasani. Ndivyo inavyosimuliwa: mwalimu aliuliza habari za Denfert-Rochereau, yule kanali Mfaransa aliyeushikilia mji wa Belfort mbele ya Wajerumani mwaka 1870 na 1871. Darasa likanyamaza, kijana Pascal Tabu akajibu, wenzake wakambandika jina. Akaenda nalo hadi jukwaa la Olympia, Paris, mwaka 1970. Moja ya sauti kubwa kabisa za nchi hii ilibatizwa kwa kujua vita vya watu wengine.

Kisa hicho hunijia kila ninapoketi na wazee wa mtaa wa Mabanga, hapa Goma, Jumapili jioni. Mchezo wao ni rahisi. Kijana wa nganda, baa yetu, anaweka wimbo wa zamani, gita likimaliza duru la kwanza anausimamisha, na chemsha bongo inaanza. Orkestra gani? Mwaka gani? Solo amepiga nani? Anayekosa ananunulia meza nzima sambaza za kukaanga. Hakuna kipaza sauti wala cheti, na mwamuzi ni yule aliyewazidi wote umri, ambaye ana haki ya kukosea bila kupingwa.

Naupenda mchezo huu, na sipendi anayeucheka. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 haikuchagua kati ya godoro na santuri. Ukitaka kujua katika mtaa kama wetu nyimbo za zamani zimehifadhiwa wapi, usitafute kabati. Tafuta mzee na umpe kiti. Tena maswali yao si mepesi. Lenye kelele kuliko yote ni lile la herufi mbili: OK ya OK Jazz ni nini? Vijana hukimbilia kusema Orchestre Kinois, na hawajapotea sana, kwa kuwa baadaye Franco aliitandaza bendi yake ikawa TPOK Jazz, Tout Puissant Orchestre Kinois. Lakini ilipozaliwa mwaka 1956, herufi zile zilitoka kwenye O.K. Bar, baa ya Oscar Kashama, ambako vijana wale walikuwa wakipiga. Mzee anayelijua hilo anakunywa bure jioni nzima, na ni halali yake.

Shuleni hatukuulizwa mambo hayo. Tuliosoma hapa tunaukumbuka Génies en herbe, ule mchezo wa maswali uliozaliwa kwenye televisheni ya Canada ukaenea katika shule za nchi zinazosema Kifaransa. Vikundi viwili, meza mbili, kengele, na maswali ya miji mikuu, kemia na Victor Hugo. Mtoto wa Goma angekutajia mwandishi wa Les Misérables kabla hujafunga mdomo. Katika shule niliyosoma mimi, hakuna aliyewahi kuuliza nani aliandika Ngando. Na jibu ni tamu: Paul Lomami Tchibamba, aliyepewa tuzo kwa kitabu hicho mjini Brussels mwaka 1948. Mwaka huohuo, Léopoldville, Wendo Kolosoy na mpiga gita Henri Bowane walirekodi Marie-Louise katika studio ya Ngoma, mali ya Mgiriki, wimbo ambao watu walisema ukipigwa usiku wa manane unafufua wafu. Riwaya ya mamba na wimbo wa kuamsha maiti, mwaka mmoja. Mwuliza maswali gani anaacha zawadi kama hiyo ipite?

Kwa hiyo wazee wa nganda wamewashinda walimu wetu: wao angalau wanauliza mambo ya Kongo. Ugomvi wangu nao unaanzia hapo. Sikiliza maswali ya jioni moja, kisha uchore ramani ya majibu. Utazunguka Matonge, utaingia klabu ya Franco, Un-Deux-Trois, utavuka mto hadi Brazzaville, utapanda ndege kwenda Brussels. Hutakanyaga Likasi, hutapita Kindu. Wewe uliyeketi Mabanga, unayeagiza bia kwa Kiswahili na kugombana na mkeo kwa Kiswahili, utajaribiwa akili jioni nzima bila kuulizwa wimbo hata mmoja wa Kiswahili.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Chukua Indépendance Cha Cha, uliotungwa na African Jazz ya Kabasele huko Brussels wakati wa Meza ya Duara, mazungumzo ya uhuru ya mwaka 1960. Wimbo wenyewe ni orodha: vyama na viongozi wanapita mmoja mmoja kama wageni wa harusi, Abako, Conakat, MNC, PSA. Sasa uliza mezani: chama gani kikubwa cha Kivu hakikuitwa? Ni CEREA, chama cha Anicet Kashamura, aliyekuja kuwa waziri wa habari wa Lumumba. Wazee wanaoujua wimbo ule kuliko sala ya Baba Yetu hutazamana. Simlaumu Kabasele, cha-cha ina mistari michache, na alikuwa na haraka ya uhuru. Ila miaka zaidi ya sitini imepita, na mwuliza maswali wa Mabanga bado anasikiliza kwa sikio la Kinshasa.

Wacha niwape maswali yaliyolala. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ambayo ndiyo Likasi ya leo, kijana mmoja mwenye gita aitwaye Jean-Bosco Mwenda, wa Bayeke. Masanga yake iliwafanya wapiga gita wa Ulaya na Marekani wakae chini kujifunza vidole vyake vinakwendaje. Nani hapa kwetu anaweza kuutambua wimbo ule kwa sekunde tano za mwanzo? Nyimbo za Dr Nico tunazitambua kwa sekunde mbili. Sisemi Nico ashushwe. Nasema Bosco aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, lugha ambayo mamangu aliielewa bila mkalimani, na hatumwulizii.

Kisha kuna waliotoka. Orkestra Maquis ilihama kutoka Kongo ikaenda kuwa ya watu wa Dar es Salaam, ikachezewa hadi viatu vikaisha. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, akavuka, akaijenga Super Matimila, akaimba shida za mnyonge kwa Kiswahili cha kupenya mbavu. Redio ya taifa ikaukataa wimbo wake wa kinga ya ukimwi, Mambo kwa Soksi, na watu wakaushika hivyohivyo. Alipofariki mwaka 2010, Dar ilikuwa imekwisha kumwandika kwenye ramani: hadi leo kuna kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy.

Nilipolileta jina hilo mezani, mwenzangu mmoja aliruka. «Baba Furaha, weye unatuletea muziki ya Tanzania. Ile haiko ya kwetu.» Nikamwuliza Kindu iko wapi. Akasema Maniema. Nikamwuliza Maniema ilikuwa wapi Remmy alipozaliwa. Kimya. Ilikuwa Kivu, papa! Lilikuwa jimbo moja, na mwaka 1988 likakatwa vipande vitatu. Yaani mtoto wa jimbo letu amepewa kituo cha basi Dar, na kwenye chemsha bongo ya Mabanga hana hata swali la pointi moja.

La Samba Mapangala linachekesha zaidi. Mtu wa Matadi, karibu na bahari, alipitia Kampala akafika Nairobi, na orkestra yake akaiita Virunga. Wakenya wamecheza Malako na Vunja Mifupa miaka mingi chini ya jina la milima tunayoiona tukifungua dirisha. Jaribu kuuliza hapa orkestra gani ilibeba jina la volkano zetu, utapewa majina ya kwaya.

Upande wa mafumbo ndio ulionyauka kabisa, na inauma kwa sababu huko ndiko rumba yenyewe ilikoweka akili yake. Franco alikuwa bingwa wa mbwakela, lile neno la kuchoma bila kutaja. Alipotoa Tailleur mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi nzima iliamini kwamba yule fundi wa nguo aliyenyang'anywa sindano ni Kengo wa Dondo, ambaye alikuwa mwanasheria mkuu wakati Franco alipofungwa mwaka 1978 kwa nyimbo za matusi. Hakuna jina lililotajwa. Hilo ni swali la chemsha bongo lililofichwa ndani ya wimbo, na msikilizaji ndiye mshindani. Na mtaani vilevile: herufi za chama cha Mobutu, MPR, watu walizisoma upya kimyakimya kwa Kifaransa zikawa «kufa bure». Hata mabanga, yaani mawe, kwa wanamuziki wa Kinshasa ni yale majina ya wenye pesa yanayotupwa katikati ya wimbo kwa malipo. Sisi wa Mabanga tunayakanyaga bila kulipwa senti. Maswali ya «mwaka gani» na «gita nani» hayagusi utajiri huu hata kidogo.

Na tulikuwa na mchezo kamili kabla ya santuri kuja. Kitendawili! Tega! Majirani wanaosema Kinyarwanda wana sakwe sakwe, na wewe unaitikia soma. Kanuni nzuri kuliko zote ni ile ya mji: ukishindwa, humpi mtegaji pesa, unampa mji, naye anautembelea kwa maneno mbele ya watu, anakula na kunywa huko, ndipo akufungulie jibu. Watoto wa huku hutoa Paris na Kinshasa kwa moyo mweupe. Goma hawatoi. Ukiwadai, wanakuambia ulishachukuliwa.

Vitendawili vipya vipo pia, havisubiri vitabu. Punda wangu hali majani, hupenda mteremko. Chukudu, bila shaka, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo; ana hadi sanamu ya rangi ya dhahabu mjini. Usiku mwekundu, mchana mweupe. Hicho cha Nyiragongo hata mgeni wa siku moja anakifungua. Changanya vitu hivi na muziki katika jioni moja uone nani atabaki mwerevu: yule anayekariri tarehe, au yule bibi anayeuza makala pembeni, anayejua maneno yanavyogeuka.

Vitabu navyo visiachwe kwa wanafunzi. Nimejaribu raundi ya mwaka mmoja, 2021, na imewaka moto. Mei 22, nini kilitokea? Hapo kila mtu anajibu kwa pamoja, wengine wakionyesha njia waliyokimbilia hadi Sake. Julai, mwanafalsafa gani wa Pole Institute alifariki hapa Goma, aliyekuwa ameuliza katika kitabu cha 1991 kama Afrika itakufa? Kä Mana. Oktoba, mzaliwa gani wa Zanzibar alipata Nobel ya fasihi, na riwaya yake ipi ikatoka kwa Kiswahili mwaka uliofuata kwa jina la Peponi? Abdulrazak Gurnah, na kitabu ni Paradise. Desemba 14, UNESCO iliandika nini kwenye orodha yake? Rumba yetu, ya Kongo zote mbili. Mwaka mmoja ulibeba volkano, msiba, riwaya na gita, na wazee walisahau kuagiza chupa nyingine.

Swali la fasihi ya Kiswahili cha Kongo bado halijapata mjuzi mezani. Kuna historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 kwa Kiswahili cha Katanga, kazi ya André Yav, kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu. Watumishi waliandika walichokiona jikoni na kibarazani, kwa lugha yao ileile ambayo shule ilisema haifai kuandikwa. Wasomi wa mbali wameitafsiri na kuichambua. Sisi tunaulizana Victor Hugo.

Basi, Jumapili hii nimeomba zamu ya kuuliza, na nimepewa kwa masharti kwamba sambaza za kwanza ni zangu, nikosee nisikosee. Wasomaji wajiandae. La kwanza: wimbo upi wa Katanga wa mwaka 1952, na mtunzi wake aliishi mji gani? La pili: taja Wakongo watatu walioimba kwa Kiswahili wakapata sifa nje kuliko nyumbani. La tatu, Malaika: Fadhili William aliurekodi na Miriam Makeba akauzungusha dunia, lakini Adam Salim alidai hadi mwisho kwamba aliutunga yeye. Wimbo ni wa nani? Hilo sina jibu la kutoa; nimeliweka mwisho kwa sababu bia hapo zitakuwa zimepoa na nataka kelele.