Jaribio la Kujiua: Kutoka Kosa la Jinai hadi Suala la Afya

Januari 9, 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa uamuzi huo wa Jaji Lawrence Mugambi, aliyenusurika anahitaji tabibu, si askari. Swali linalobaki kwa jamii ni jinsi ya kumtambua mapema mtu aliye hatarini.

Hakuna chanzo kimoja cha kujiua. Sonona, ulevi, madeni, ukatili na misiba huchangia. Hata hivyo, watu wawili hupatwa na dhiki ileile, mmoja akaivuka na mwingine akaelemewa. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na hulka na namna ya kufikiri. Walio katika hatari zaidi ni pamoja na wanaotenda kwa pupa wanapoghadhibika, na wanaojidai ukamilifu hata kosa dogo wakaliona kuwa fedheha ya maisha.

Fikra inayostahili kuangaliwa zaidi ni kukata tamaa. Daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 5 hadi 10 wagonjwa 207 waliolazwa kwa sababu ya mawazo ya kujiua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1985 yalionyesha kwamba imani kuwa kesho haina heri ilibashiri vifo vilivyofuata vizuri kuliko ukali wa sonona yenyewe.

Matokeo hayo yasigeuzwe kuwa lawama. Hulka si hukumu: wengi wenye hulka hizo hawajiui kamwe, na fikra hubadilika kwa tiba ya mazungumzo, dawa panapohitajika, na wepesi wa kusikilizwa.

Kwa hiyo, kauli kama “mimi ni mzigo kwenu” au “hakuna njia nyingine” zisipuuzwe wala kukemewa. Kumuuliza mtu waziwazi iwapo anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo; humfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake, na asindikizwe mara moja hadi kituo cha afya kilicho karibu.

Mahakama imeondoa hofu ya kifungo. Kuondoa aibu inayomfanya mtu anyamaze ni jukumu la kila familia, shule na mahali pa kazi.