Unga wa Mwarobaini: Nani Ajua Kilichosagwa?

Ukitoka kwetu Frere Town, ukapita Kengeleni na kuingia soko la Kongowea, hukosi kuwaona wauzaji wa dawa za miti shamba. Zamani waliuza mizizi, magome na majani. Siku hizi kingi ni unga uliotiwa vikoponi. Juzi nilinunua kikopo cha mwarobaini. Nilipouliza mti wenyewe umetoka wapi, muuzaji alinijibu kwamba naye huletewa umeshasagwa. Hakunidanganya. Shida ni kwamba yeye na mimi, sote hatukuwa na njia ya kujua.

Majani mabichi hayana taabu. Mwarobaini wetu, Azadirachta indica, jani lake limegawanyika mara moja tu. Una jamaa yake, Melia azedarach, unaopandwa kwa kivuli na pambo. Huo jani lake hugawanyika mara mbili au zaidi, na tunda lake ni sumu kwa binadamu. Mzee anayeijua miti atakutofautishia papo hapo. Lakini ikishasagwa, yote ni unga wa kijani, nasi tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hapo ndipo kipimo cha DNA kinapofaa. Wataalamu huchukua unga kidogo, wakasoma kipande kifupi cha vinasaba, kisha wakakilinganisha na hazina ya mimea iliyokwisha kutambuliwa, kama keshia wa supamaketi anavyosoma mistari ya pakiti. Kwa mimea, wanasayansi walipendekeza mwaka 2009 vipande viwili, rbcL na matK, viwe msingi. Kenya si mgeni wa kazi hii. Maabara ya uchunguzi ya KWS, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2015, hutambua nyama ya porini kwa DNA. Ikiwa tunaweza kujua nyama ni ya mnyama gani, mbona tusijue dawa tunayowanywesha watoto?

Kipimo hiki kina mipaka yake. Mwaka huohuo wa 2015, mwanasheria mkuu wa New York alitumia DNA kuyatuhumu maduka makubwa manne kuwa yaliuza vidonge visivyo na mmea ulioandikwa kwenye chupa. Wakosoaji wakajibu kwamba dawa ikichemshwa na kukamuliwa, DNA huvunjika. Unga uliokaushwa tu una nafafuu. Tena, DNA hutaja mti, haitaji kipimo cha kunywa. Hata mafuta ya mwarobaini halisi yamewahi kuwadhuru watoto wachanga.

Mpaka mkubwa zaidi ni hazina yenyewe. Mmea usiomo humo hautambuliki. Wenye kuijua miti ya Pwani ni wazee wa kaya na waganga wetu. Bila wao kuonyesha mti na kuutaja jina, mashine italinganisha unga na nini?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili. Basi kaunti ya Mombasa ichukue sampuli sokoni, ishirikiane na vyuo vya Pwani, na itutangazie matokeo. Siwapigi vita wauzaji; aliye na mwarobaini wa kweli ndiye atakayefaidi kwanza. Kikopo changu bado kiko rafuni. Sijakifungua.